Sura ya Tano: Chanda Chema na Wenzake

Tarehe 30 Novemba 2024, kwenye uwanja wa Dignity Health Sports Park mjini Carson, kusini mwa Los Angeles, kiungo Mhispania Riqui Puig wa LA Galaxy aliumia goti la kushoto katika kipindi cha pili. Ilikuwa fainali ya Kanda ya Magharibi ya ligi ya MLS, mpinzani alikuwa Seattle Sounders, na timu zilikuwa bado hazijafungana. Puig hakutoka. Alichechemea, akajikaza, akaendelea kuomba mpira. Dakika ya 85 akapenyeza pasi iliyomkuta mshambuliaji Dejan Joveljić, naye akautia mpira wavuni. Galaxy 1, Seattle 0. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba kano ya mbele ya goti, ile ACL inayoogopwa na kila mwanasoka, ilikuwa imekatika. Puig alikuwa amecheza karibu nusu saa na goti lisilo na mhimili.

Wiki moja baadaye, Desemba 7, fainali kuu ilichezwa kwenye uwanja huohuo dhidi ya New York Red Bulls. Mghana Joseph Paintsil alifunga dakika ya 9, Joveljić akaongeza la pili dakika ya 13, na mchezo ukaisha 2-1. Mchezaji bora wa fainali alikuwa Gastón Brugman wa Uruguay, aliyeanzishwa kuziba pengo la Puig. Puig mwenyewe hakugusa mpira hata mara moja.

Je, Puig ni bingwa wa mwaka 2024 au si bingwa? Shabiki wa Galaxy atashangaa hata kuulizwa, maana bila pasi ile fainali isingekuwapo. Lakini kwa miaka mingi waliokuwa wakigawa tuzo kubwa kuliko zote katika soka walilijibu swali hilo kinyume kabisa: bingwa ni yule aliyekuwa uwanjani filimbi ya mwisho ilipolia, basi. Jibu hilo liliwanyima haki wakubwa kwa wadogo, na miongoni mwao yumo Pelé.

Soka la kulipwa la Marekani lina tuzo ambayo sisi wengine hatuna mazoea nayo, nayo ni pete ya ubingwa. Wengi tumeiona pichani, nene, imejaa vito, imefunika nusu ya kidole, tukaitupa kwenye fungu la mbwembwe za Wamarekani. Ni kweli inang'aa kupita kiasi. Hata hivyo nyuma ya mng'ao huo kuna wazo la haki, na kwa ajili ya wazo hilo nimeiandikia sura nzima. Thamani ya pete ya ubingwa iko kwenye orodha ya wanaovishwa kuliko kwenye almasi zake.

Ilikotoka

Pete hii haikuzaliwa michezoni. Mwaka 1835 wahitimu wa chuo cha kijeshi cha West Point, katika jimbo la New York, walianza kuvaa pete ya darasa lao, kila mmoja akibeba kidoleni alama ya chuo na mwaka aliomaliza. Vyuo vingine viliiga, zikafuata shule za sekondari, na biashara ikakua. Mwaka 1897 Otto Josten, fundi wa vito na saa, alifungua duka Owatonna, mji mdogo wa jimbo la Minnesota. Kampuni ya Jostens ikaja kuwa jina kubwa katika pete za shule na, baadaye, pete za mabingwa. Mwaka 1913 L. G. Balfour naye alianzisha karakana yake mjini Attleboro, Massachusetts. Mafundi waliozoea kuchonga nembo za shule walikuwa tayari pale timu zilipohitaji mtu wa kuchonga nembo zao.

Katika michezo, mfano wa mapema unatoka Kanada. Klabu ya Montreal ilipokuwa bingwa wa kwanza wa Stanley Cup, kombe la mpira wa magongo wa barafuni, mwaka 1893, wachezaji wake walipewa pete za dhahabu. Kwenye besiboli wanaotajwa kuanza ni New York Giants, mabingwa wa 1922. Kabla yao mabingwa walizoea kupewa pini za koti, vifungo vya mikono ya shati na vidani vya mnyororo wa saa. Kwenye futiboli ya Kimarekani, Januari 1967 Green Bay Packers ya kocha Vince Lombardi ilishinda mchezo unaojulikana leo kama Super Bowl ya kwanza, ikavishwa pete yenye almasi moja katikati. Tangu hapo kila bingwa alitaka kumpita aliyemtangulia, na almasi zikaongezeka hadi zikafunika uso mzima wa pete.

MLS ilipoanza mwaka 1996 iliikuta desturi hiyo imeshakomaa. Miongoni mwa waasisi wa ligi walikuwamo Lamar Hunt, mwenye Kansas City Chiefs, na Robert Kraft, mwenye New England Patriots. Hao walikuwa watu wa futiboli ya Kimarekani, na kwao ubingwa bila pete ulikuwa haujakamilika. Fainali ya kwanza ilipigwa Foxborough, Massachusetts, tarehe 20 Oktoba 1996, mvua ikinyesha kwa nguvu. D.C. United iliifunga Galaxy 3-2 kwa kichwa cha beki Eddie Pope katika muda wa ziada. Toka siku ile ligi imekua, nyota wamekuja na kuondoka, na pete imebaki. Landon Donovan ameutwaa ubingwa huo mara 6, rekodi ambayo haijafikiwa. David Beckham aliutwaa mara 2 akiwa mchezaji wa Galaxy, 2011 na 2012, kisha akautwaa kama mmiliki mwenza pale Inter Miami ya Lionel Messi ilipoifunga Vancouver Whitecaps 3-1 tarehe 6 Desemba 2025. Siku hiyo Sergio Busquets na Jordi Alba, waliokwishatwaa karibu kila kitu Barcelona, walimaliza maisha yao ya soka wakiwa mabingwa wa Marekani.

Kutoka nta hadi kidoleni

Kazi ya fundi huanza na vidole. Kila atakayevishwa hupimwa kwa seti ya vipimo vya duara vyenye namba, maana pete ikishamwagwa na kujazwa vito ni shida kuipanua. Mchoraji naye hupanga mahali pa kila kitu. Uso wa juu hubeba nembo ya klabu na jina la ubingwa. Ubavu mmoja huandikwa jina la mwenye pete, na kama ni mchezaji, namba ya jezi yake. Ubavu wa pili huwekwa mwaka, matokeo ya fainali au taswira ya uwanja. Ndani, upande unaogusa ngozi, kunabaki nafasi ya maneno machache ambayo mtu wa nje hayaoni, aghalabu kauli ambayo timu ilikuwa ikiambiana msimu mzima.

Mchoro ukikubaliwa, hutengenezwa mfano wa nta. Nta huzungushiwa plasta inayostahimili moto, kisha huingizwa tanuruni. Nta inayeyuka na kutoka, na pale ilipokuwa unabaki uwazi wenye umbo la pete, hadi herufi za jina. Uwazi huo ndio kalibu ya kumiminia dhahabu iliyoyeyushwa. Ufundi huu una umri wa maelfu ya miaka, na mashine za kisasa zimeuharakisha bila kuubadilisha sana.

Dhahabu yenyewe huwa haitumiki ikiwa safi. Dhahabu safi, ya karati 24, huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi na ikipoa ni laini mno. Ingepinda na kukwaruzika upesi. Kwa hiyo huchanganywa na madini kama shaba, fedha na zinki. Ile ya karati 14 ina dhahabu asilimia 58, na ya karati 10 ina asilimia karibu 42. Baada ya kung'arishwa, pete hupita kwa fundi wa kupandikiza vito. Huyu hufanya kazi kwa kioo cha kukuza jichoni: anatoboa kitundu, anakalisha almasi, kisha anakunja vijino vya dhahabu juu ya kingo zake hadi kito kisitikisike, na kuhamia kitundu kinachofuata. Rangi za klabu hupatikana kwa yakuti nyekundu, yakuti samawati, zumaridi au enameli.

Nimeieleza kazi hii kwa kirefu kwa sababu ya ule ubavu wa jina. Kombe ni moja na ni la klabu. Medali hutengenezwa kwa mamia, nyingi zikifanana. Pete hupimwa kwa kidole cha mtu mmoja na kuandikwa jina la mtu mmoja, kwa hiyo kabla fundi hajawasha tanuru lazima mtu fulani klabuni akae chini aandike orodha: huyu na huyu na huyu. Hakuna pete inayotengenezwa kwa bahati mbaya. Mtu akipata, ni kwa sababu kuna aliyemkumbuka kwa jina.

Wachezaji 11 tu

Kombe la Dunia lilikuwa na orodha ya aina nyingine. Kuanzia mashindano ya kwanza ya 1930 hadi yale ya 1974, medali za mabingwa zilikwenda kwa wachezaji 11 waliokuwa uwanjani fainali ilipomalizika. Wengine wote, hata kama waliipeleka timu huko, hawakupewa.

Mwathirika anayekumbukwa zaidi ni Jimmy Greaves. Mwaka 1966 alikuwa mfungaji hatari kuliko wote Uingereza, akaanza mechi zote 3 za makundi. Kwenye mechi ya tatu, dhidi ya Ufaransa, alichanika mguu. Nafasi yake akapewa Geoff Hurst. Greaves alipopona, kocha Alf Ramsey aliona timu imetulia akaiacha kama ilivyo. Enzi zile Kombe la Dunia halikuruhusu kubadilisha wachezaji, kwa hiyo aliyekuwa nje alibaki nje hadi mwisho. Tarehe 30 Julai 1966 Hurst alifunga mabao 3 katika ushindi wa 4-2 dhidi ya Ujerumani Magharibi, na Greaves akashuhudia akiwa amevaa suti.

Miaka 4 kabla ya hapo, nchini Chile, yaleyale yalimpata Pelé. Alifunga bao katika mechi ya kwanza dhidi ya Mexico, akaumia katika mechi ya pili dhidi ya Chekoslovakia, na safari yake ikaishia hapo. Garrincha na Amarildo wakaubeba mzigo, Brazil ikatwaa kombe. Dunia nzima ilimhesabia Pelé Kombe la Dunia mara 3: 1958, 1962 na 1970. Hakuna mchezaji mwingine aliyefikia idadi hiyo. Lakini medali ya katikati hakuwa nayo, na hakuipata kwa miaka 45.

FIFA ilianza kuwapa medali wachezaji wote wa kikosi bingwa mwaka 1978. Mwaka 2007 ikaamua kurudi nyuma na kuwatunuku wale wote walioachwa kati ya 1930 na 1974. Pelé akapata medali yake ya 1962. Juni 2009 Greaves na wenzake wa 1966 walikabidhiwa zao London, kwenye makazi ya waziri mkuu, Downing Street, na Gordon Brown. Mwaka 2014 medali ya Greaves iliuzwa kwenye mnada kwa pauni 44,000. Kwa baadhi ya waliostahili, uamuzi ule ulikuja wakiwa wameshazikwa, na medali zikapokewa na jamaa zao.

Soma tena miaka hiyo. Hakuna aliyebisha kwamba Pelé na Greaves ni wana wa vikosi vile. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kwa sababu kanuni ilikuwa imeandikwa na watu waliodhani ubingwa hutengenezwa siku ya fainali. Anayeifahamu soka anajua kwamba fainali ni siku ya kuvuna tu, kilimo kilishafanyika kabla.

Siku hizi mambo yamekuwa nafuu. Ligi Kuu ya Uingereza hutoa medali 40 kwa klabu bingwa. Mchezaji anajihakikishia yake akicheza mechi 5, na hadi msimu wa 2011/12 sharti lilikuwa mechi 10. Kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya hata wa benchi hupata. Ndivyo Mkenya McDonald Mariga alivyoingia katika historia. Alijiunga na Inter Milan akitokea Parma mapema mwaka 2010, na tarehe 22 Mei mwaka huo, kwenye uwanja wa Santiago Bernabéu mjini Madrid, alikuwa miongoni mwa wachezaji 7 wa akiba. Diego Milito alifunga mabao 2, Bayern München ikalala, na kocha José Mourinho hakumwingiza Mariga hata dakika moja. Alitoka Madrid akiwa Mkenya wa kwanza kutwaa kombe hilo. Kwa kanuni iliyomnyima Greaves, Mariga angerudi Milan mikono mitupu.

Anayekaa benchi

Kuna fainali moja inayomaliza ubishi wote kuhusu benchi. Novemba 5, 2022, Los Angeles FC ilikuwa nyumbani ikicheza na Philadelphia Union. Dakika 90 ziliisha 2-2. Katika muda wa ziada kipa wa LAFC, Mkanada Maxime Crépeau, alitoka langoni kumkabili mshambuliaji aliyekuwa anakwenda kufunga, wakagongana, na mguu wa Crépeau ukavunjika. Mwamuzi alimwonyesha kadi nyekundu akiwa chini na madaktari wamemzunguka. Kwa tukio lile aliliokoa bao, akapoteza fainali, na akapoteza Kombe la Dunia la Qatar lililokuwa limebakiza wiki mbili kuanza, Kanada ikirejea huko kwa mara ya kwanza tangu 1986.

Aliyeinuka benchi ni John McCarthy, kipa namba mbili, mzaliwa wa Philadelphia aliyewahi kuidakia klabu hiyohiyo ya Union. Philadelphia wakafunga bao la tatu dakika za mwisho kabisa, na ilionekana hadithi imekwisha. Dakika ya 128 Gareth Bale akaruka na kusawazisha kwa kichwa. Kwenye mikwaju ya penalti McCarthy aliokoa 2, Union haikufunga hata 1, LAFC ikashinda 3-0, na kipa wa akiba akatangazwa mchezaji bora wa fainali.

Mpe medali McCarthy peke yake, umemdhulumu Crépeau aliyevunjika mguu akiwatetea wenzake. Mpe Crépeau peke yake, umemsahau aliyekaa benchi msimu mzima akifanya mazoezi kana kwamba kesho ndiyo siku yake. Desturi ya pete haina haja ya kupima dakika. Anaangaliwa aliyekuwa sehemu ya kazi, anapimwa kidole.

Wala orodha haiishii kwa wachezaji. Katika ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, ambako desturi hii ilikomaa, ligi hugharamia pete zipatazo 150 kwa bingwa, na klabu ikitaka zaidi hulipa yenyewe, ilhali kikosi rasmi kina wachezaji 53. Kwa hiyo sehemu kubwa ya pete huenda kwa makocha, madaktari, wachua misuli, wapiga picha za video za mazoezi, watu wa ofisini na watunza vifaa.

Tumtazame huyo wa mwisho, kwa sababu ndiye anayesahaulika kuliko wote. Mtunza vifaa hufika uwanjani saa nyingi kabla ya wachezaji. Anatundika jezi kwa mpangilio wa namba, ya mikono mirefu kwa anayeitaka, fulana ya ndani kwa asiyeweza kucheza bila hiyo. Anakagua nyasi, na zikiwa na maji anatoa viatu vyenye meno marefu. Ana jezi za akiba zisizo na jina kwa sababu damu ikionekana kwenye jezi mwamuzi atamtoa mchezaji nje hadi abadilishe. Mchezo ukiisha, wengine wanakwenda kula. Yeye anaokota soksi zenye tope na kuzihesabu. Timu ikiwa bingwa, amefanya hivyo kuanzia mechi ya kwanza hadi ya mwisho bila kukosa, jambo ambalo wachezaji wachache sana wanaweza kulisema.

Baadhi ya klabu za soka Marekani zimekwenda mbali zaidi katika kutafuta alama zao. Portland Timbers, mabingwa wa 2015, wanatoka eneo lililojengwa na biashara ya mbao. Kila wanapofunga bao nyumbani, mkata magogo wa klabu huwasha msumeno mbele ya mashabiki na kukata kipande cha gogo, ambacho mfungaji hukabidhiwa baada ya mchezo. Kipande hicho sokoni hakina bei, lakini wachezaji wanapiga nacho picha kwa fahari ileile ya kushika kombe. Hilo linathibitisha kwamba thamani hutoka kwa anayetoa na sababu ya kutoa.

Upande wa wanawake, Novemba 23, 2024, Orlando Pride ilitwaa ubingwa wa ligi ya NWSL mjini Kansas City, katika uwanja wa CPKC, wa kwanza kujengwa mahsusi kwa ajili ya timu ya kulipwa ya wanawake. Bao pekee dhidi ya Washington Spirit lilifungwa dakika ya 37 na Barbra Banda wa Zambia, aliyejiunga na klabu mapema mwaka uleule na akawa mchezaji bora wa fainali. Nahodha alikuwa Mbrazili Marta, aliyekuwa hapo tangu 2017 bila kuonja ubingwa. Mmoja alileta mabao, mwingine alileta subira ya miaka 7 na kuwafundisha wadogo zake kutokata tamaa. Hakuna mizani ya kupima kipi kilichangia zaidi, na ndiyo maana ubingwa wao ni mmoja.

Tuzo isiyoruhusiwa uwanjani

Pete ina jambo moja la ajabu katika soka: mwenye nayo haruhusiwi kuivaa akiwa kazini. Sheria namba 4 ya mchezo inakataza vito vya kila aina, ikiwa ni pamoja na mikufu, pete, bangili na hereni, na inakataza pia kuvifunika kwa plasta. Sababu ni za kweli. Tarehe 5 Desemba 2004, kwenye ligi ya Uswisi, kiungo Paulo Diogo wa Servette alikwea uzio kushangilia bao na mashabiki wake katika mechi dhidi ya Schaffhausen. Alikuwa ameoa karibuni na pete ya ndoa ilikuwa kidoleni. Iling'ang'ania kwenye uzio alipokuwa akiruka chini, ikamkata kidole. Madaktari hawakuweza kukirudisha. Mwamuzi naye alimwonyesha kadi ya njano kwa kushangilia kupita kiasi.

Kwa hiyo pete ya ubingwa hukaa sandukuni, au kabatini nyuma ya kioo, au benki. Na wakati mwingine huishia mnadani. Mwaka 2010 Nobby Stiles, kiungo wa Uingereza ya 1966, aliuza medali zake ili aiachie familia yake kitu. Manchester United iliinunua ile ya Kombe la Dunia kwa pauni 188,200. Mwaka 2019 nyota wa mpira wa kikapu Kareem Abdul-Jabbar aliuza pete zake 4 za ubingwa pamoja na vitu vingine, na fedha nyingi akazielekeza kwenye mfuko wake wa kuwafundisha watoto sayansi na hesabu. Wapo waliowalaumu. Mimi siwalaumu. Chuma kinaweza kubadilisha mikono, lakini jina lililoandikwa ubavuni linabaki la aliyelistahili, na mnunuzi analipa fedha nyingi kwa sababu ya jina hilo.

Lawama yenye uzito zaidi ni ya gharama. Pete zimekuwa mashindano ya wenye mali, kila mmiliki akitaka almasi nyingi kuliko za jirani, na upo wakati ukubwa wa pete husema habari za mmiliki kuliko za timu. Lawama hiyo naikubali. Almasi zipungue. Orodha isipungue.

Kanuni ya methali mbili

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Wahenga haohao walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Watu huzitumia methali hizi mbali mbali, ya kwanza kwa kumsifu mtu mmoja, ya pili kwa kuhimiza umoja. Ukiziweka pamoja zinatoa kanuni nzuri ya kugawa tuzo kuliko ile iliyotumika kwenye Kombe la Dunia hadi 1974: wema utambuliwe kwa jina, na utambuliwe kwa wote waliochangia. Mfungaji atabaki mfungaji, nahodha atabaki nahodha, na hakuna anayepunguziwa utukufu kwa sababu mchua misuli naye amekumbukwa.

Najua viongozi wa klabu zetu za Afrika Mashariki watasema fedha za pete za dhahabu hazipo, na pengine ni kweli. Lakini hakuna anayewadai almasi. Pete ya fedha inatosha, na ya shaba inatosha, mradi iwe na jina. Hata cheti kilichotiwa saini na mwenyekiti na nahodha kinatosha. Kinachodaiwa ni kumbukumbu, nayo haina bei. Timu inapotwaa ubingwa, picha hupigwa, gari la wazi huzunguka mjini, na baada ya wiki moja yule aliyefua jezi za msimu mzima anarudi kwenye ndoo yake bila hata kipande cha karatasi cha kumwonyesha mwanawe kwamba naye alikuwamo.

Msomaji, kama una nafasi klabuni, iwe ya ligi kuu au ya mtaani, anza mapema. Usisubiri kombe. Chukua daftari leo na uandike majina yote: wachezaji wa kwanza na wa akiba, majeruhi, kocha wa makipa, daktari, dereva wa basi, mkata nyasi, mtunza vifaa. Ubingwa ukija, kila jina lililomo humo lipewe chake, na lipewe mwenyewe akiwa hai.